Uanagenzi kanisani kwenye huduma ya vijana: ni kazi, ni shule ama ni kujitolea?

Mwaka 2024 hapa Kenya neno mwanagenzi, yaani intern, mtu anayejifunza kazi akiifanya, lilitajwa kwenye habari karibu kila siku. Madaktari waligoma siku 56, na jambo kubwa lililokuwa likigombaniwa ni kama madaktari wanagenzi walipwe kwa mwezi zile shilingi 206,400 za makubaliano ya 2017 ama 70,000 ambazo serikali ilisema ndizo inaziweza. Walimu wanagenzi wa JSS, zile shule za sekondari ya chini, nao walikuwa barabarani wakiandamana, na Aprili mwaka huohuo mahakama ya kazi ikasema TSC, tume inayoajiri walimu, haina mamlaka ya kuajiri walimu kama wanagenzi. Sasa kijana akirudi nyumbani na digrii yake mpya aseme, "Mama, nimepata intanshipu kanisani, ni ya mwaka mmoja, huduma ya vijana," mzazi anasikia mambo matatu kwa mpigo: mshahara hakuna, mtoto anataka kuwa pasta, na kuna mtu mahali anataka kumtumia bure.

Hofu zote tatu zina msingi wake, na mzazi anayeuliza maswali haya asiambiwe hana imani. Shida ni kwamba kanisani kuna mambo mengi yanayofanana ukiyaangalia kwa nje, wote unawaona wamevaa tisheti moja wanashika maiki na kupanga viti, kumbe mmoja amejitolea, mwingine yuko chuoni, mwingine ameajiriwa na mwingine ni mwanagenzi. Tuwatenganishe kwanza.

Anayejitolea ni yule mshirika anayefundisha matineja Jumapili halafu Jumatatu anaenda kwa shughuli zake, hana mkataba, na akisafiri mwezi mzima anaomba mwenzake amshikie. Wa atachimenti ni mwanafunzi wa theolojia, tuseme kutoka St Paul's kule Limuru ama Scott kule Machakos, ambaye chuo kimemtuma kanisani kwa muda fulani kama sehemu ya kozi, kuna fomu ya kujazwa na kuna alama anapewa, asipoenda hafuzu. Pasta wa vijana ameajiriwa, ana mshahara na analaumiwa mambo yakienda mrama. Kuna pia wale wanaoenda YWAM, shirika la kimisheni la vijana, kufanya DTS, ambayo ni shule ya uanafunzi inayochukua kama miezi mitano au sita, nusu ya kwanza unakaa darasani na nusu ya pili mnatumwa uwanjani, na hapo wewe mwanafunzi ndiye unayelipa karo. Wazazi wengi wakisikia intanshipu ya kanisa wanafikiria hiyo, ndio maana swali la kwanza huwa, "Na ni pesa ngapi tunalipa?"

Mwanagenzi wa huduma ya vijana hayuko kwenye kundi lolote kati ya hayo. Mara nyingi ni kijana wa miaka kama 22 hadi 27, amemaliza chuo ama anakaribia, anachukuliwa na kanisa au shirika kwa muda unaojulikana, kawaida mwaka mmoja, anafanya kazi ya huduma karibu wiki nzima chini ya mtu aliyekomaa, yaani mlezi, ambaye jukumu lake ni kumfundisha. Mfano unaojulikana sana hapa ni programu iitwayo STEM ya FOCUS Kenya, lile shirika linalohudumia CU, yaani vikundi vya wanafunzi Wakristo vyuoni, tangu 1973, ambapo waliomaliza chuo wanatumika mwaka mmoja wakizungukia CU za eneo walilopangiwa. Nairobi Chapel nayo imechukua wahitimu kwa mtindo wa mwaka mmoja kwa muda mrefu, na Oscar Muriu aliyekuwa kiongozi wake miaka mingi amekuwa akieleza wazi kwamba hiyo ndiyo njia yao ya kulea viongozi wa makanisa mapya. Kwa hivyo jambo hili halikuanza juzi na halikubuniwa na pasta fulani anayetafuta watu wa bure.

Ukitaka kulielewa vizuri fikiria kijana aliyepelekwa gereji kwa fundi wa magari. Wiki za kwanza anaosha spana, anashika tochi, anatumwa kununua oili, na hakuna anayeshangaa manake ndivyo kila fundi alivyoanza, lakini mwezi wa nne fundi anamwambia fungua hii breki mimi nikiangalia, na mwezi wa nane anafungua peke yake. Sasa kama mwaka unaisha na bado kijana anaosha spana na kutumwa oili, huyo alikuwa mtumishi wa gereji tu, hata kama alikuwa akiitwa mwanagenzi na kila mtu akimsifu kwa bidii. Kanisani ni hivyohivyo kabisa. Kupanga viti ni sehemu ya huduma, na Biblia yenyewe inamtambulisha Elisha kama yule aliyekuwa akimimina maji juu ya mikono ya Eliya, kazi ya chini kweli. Lakini Eliya alimpeleka mpaka ng'ambo ya Yordani akiwa anamwandaa. Kwa hivyo swali la kuuliza kabla ya yote ni nani anayenifundisha, anakaa na mimi saa ngapi kwa wiki, na mwezi wa sita nitakuwa naruhusiwa kufanya nini ambacho leo siruhusiwi.

Mwanagenzi anafanya nini hasa Jumanne saa nne asubuhi, wakati vijana wote wako shule? Watu wengi wanadhani huduma ya vijana ni Jumapili na muziki. Kwa kweli katikati ya wiki ndiko kazi iliko. Kuandaa somo la Jumapili kunachukua siku nzima ukiwa mgeni wa kazi hiyo, kuna kutembelea shule za upili ambazo CU yao imeomba mnenaji, kuna kijana wa Form Three ambaye amefukuzwa shule na mama yake anataka mtu amwongeleshe, kuna bajeti ya kampu ambayo mwekahazina amerudisha mara ya pili kwa sababu hukuweka risiti za mafuta. Na angalau mara moja kwa wiki kuna kikao na mlezi. Kikao kizuri si cha kuombewa tu na kuambiwa uzidi kujitoa. Mlezi mzuri anakuuliza, hiyo hadithi uliyosimulia Jumapili matineja walicheka sana, lakini walitoka pale wanajua nini kuhusu Kristo ambacho hawakujua walipoingia? Swali hilo moja likiulizwa wiki baada ya wiki linamtengeneza mtu kuliko semina kumi.

Mahali ambapo tofauti ya mwanagenzi aliyefundishwa na yule aliyetupwa kazini inaonekana waziwazi ni kwenye kampu ya likizo, ile ya Aprili, Agosti ama Desemba. Siku ya kuripoti yeye ndiye yuko langoni na meza na orodha, anapokea fomu za wazazi, anauliza huyu ana mzio wa nini, anaandika jina kwenye inhela ya mtoto mwenye pumu na kujua itakaa kwa nani usiku, anaweka simu kwenye bahasha moja moja na jina juu, kisha anahesabu vichwa kwenye basi na kuhesabu tena. Ukimwona unaweza kufikiri ni karani. Halafu usiku wa tatu, baada ya mahubiri, msichana wa miaka 14 anamvuta kando anamwambia, "Kuna kitu nataka kukuambia lakini uniahidi hutaambia mtu," na kitu chenyewe ni kwamba mjomba wake anamwingilia.

Mwanagenzi ambaye hakufundishwa atafanya kile ambacho moyo mzuri unamsukuma, ataahidi, watalia pamoja, wataomba, na asubuhi hajui afanye nini tena na mtoto atarudi nyumba ileile. Aliyefundishwa alishaambiwa mapema kwamba hatoi ahadi ya siri kwenye jambo linalomdhuru mtoto, kwamba anakaa naye mahali wanapoonekana na watu wengine japo hawasikiki, anasikiliza bila kumhoji kama polisi, anamwambia ukweli kuwa atahitaji kumhusisha mtu mwingine wa kumsaidia, na usiku huohuo anamjulisha yule mtu mzima aliyeteuliwa kushughulikia usalama wa watoto. Anajua namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto Kenya. Kama programu inakupeleka kwa matineja bila kukufundisha haya, na bila kukuuliza hata cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ambacho unakiomba kwa mtandao wa serikali wa eCitizen kwa shilingi 1,050, basi hiyo programu haijafikiria watoto na haijakufikiria wewe pia. Hapa sina upole wowote, manake uharibifu wake unadumu miaka.

Tuje kwa pesa, ambako ndiko maneno mengi yako. Kuna njia kama tatu. Kanisa lenye uwezo linampa mwanagenzi pesa za kujikimu kila mwezi, pengine na mahali pa kulala. Njia ya pili ni kijana kujitegemea mwenyewe, yaani anaishi kwao ama ana kibarua cha jioni. Ya tatu, ambayo mashirika mengi ya wanafunzi wanaitumia kote duniani, ni kuchangisha washirika wa huduma, yaani watu wanaoahidi kukuchangia kila mwezi, na hii ndiyo inayowakwaza wazazi zaidi kwa sababu inasikika kama kuombaomba.

Hebu tuifanyie hesabu ionekane. Tuseme bajeti ya mwezi ni shilingi 25,000, hapo ni nauli, chakula, kodi ya chumba mnachogawana na mwenzako, na data. Kanisa lake la nyumbani likiahidi 5,000, watu kumi wakiahidi 1,000 kila mmoja na wengine ishirini wakiahidi 500, bajeti imetimia. Ni watu thelathini pamoja na kanisa, na kila mmoja ameketi naye, amemweleza anaenda kufanya nini, na kila baada ya mwezi ama miwili atapata barua fupi ya kujua kazi imefikia wapi na mambo ya kuombea. Anayeomba kwenye barabara hakupi ripoti. Huyu anakupa, na ukiona hakupi una haki kabisa ya kusimamisha ile M-Pesa yako. Paulo alishona hema Korintho na wakati mwingine alipokea msaada wa Wafilipi, njia zote mbili ziko kwenye Maandiko na hakuna iliyo takatifu kuliko nyingine.

Ila kuna mambo matatu ya kuuliza kabla hujaanza kupiga simu kwa wajomba. Pesa zinapita kwa akaunti ya nani, yako ama ya shirika? Shirika linakata asilimia ngapi za uendeshaji, kama linakata? Na ahadi zikifika nusu tu, nini kinatokea, unaongezewa, unaanza kuchelewa, ama unaambiwa uendelee kwa imani ukiwa na njaa? Hilo la mwisho wengi wanaogopa kuuliza. Ukiuliza kuhusu nauli unaambiwa una roho ya mshahara, na kijana wa miaka 23 anayempenda Mungu kwa moyo wote ananyamaza, anatembea kwa miguu kutoka stejini mpaka kanisani, na hakuna anayejua kwamba hajala tangu jana. Huo si mtihani wa imani, ni uzembe wa watu wazima. "Mtenda kazi astahili ujira wake" iliandikwa na Paulo kwa Timotheo, kijana aliyekuwa akimlea kwenye huduma, kwa hivyo mwenye haki ya kuwakumbusha watu mstari huu wa kwanza kabisa ni mlezi.

Na sheria inasemaje? Watu wanadhani kanisa liko nje ya sheria za kazi kwa sababu ni huduma. Sheria ya Ajira ya 2007 inapoeleza mfanyakazi ni nani inamhesabu pia yule anayejifunza kazi kwa mtu, na inataka mkataba wa ajira wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Sasa kama wewe kanisani ni mwanagenzi wa aina hiyo ama ni mtu aliyejitolea, inategemea mlivyokubaliana na mambo yanavyoendeshwa kila siku, na ndiyo sababu makubaliano ya mdomo ni hatari kwa pande zote mbili. Karatasi moja inatosha: tarehe ya kuanza na kuisha, siku ya mapumziko ni gani (Jumapili kwako ni siku ya kazi, usisahau), mlezi ni nani, pesa ni ngapi, ukiugua nani analipa hospitali, na mkigombana mnaenda kwa nani ambaye si yule uliyegombana naye.

Kuna mambo yanayosemwa sana ambayo hayana ukweli. Eti ukienda lazima uwe pasta. Wengi wanaopita mwaka huu wanarudi kwenye uhasibu, ualimu, ukulima, na kanisa linapata mzee wa kanisa wa kesho anayejua kusoma bajeti na kuongea na tineja bila kumfokea. Mwanagenzi akigundua mwezi wa saba kwamba kuhubiri si kipawa chake, mwaka umefanya kazi yake, amejua mapema. Eti ni ya waliokosa kazi. Kweli wapo wanaokuja kwa kukosa pa kwenda, na programu nzuri inawauliza hilo kwenye mahojiano bila kuwaaibisha, lakini wapo pia walioahirisha kazi kwa hiari. Eti ukifanya vizuri utaajiriwa hapohapo. Mara nyingi nafasi haipo, kanisa lina pasta mmoja wa vijana na wanagenzi wanne, fanya hesabu mwenyewe, kwa hivyo kama hakuna maandishi ya ajira usijenge maisha juu ya tabasamu la mchungaji.

Lingine linawahusu mabinti. Unakuta wanagenzi wawili wenye digrii sawa wameingia siku moja, wa kiume anapewa kuhubiri ibada ya vijana na wa kike anapewa Sunday school, kahawa ya wageni na kuandika kumbukumbu za vikao, mwaka mzima. Makanisa yana mafundisho tofauti kuhusu nani anasimama madhabahuni na sitaingia huko, lakini hata pale ambapo kanisa lina msimamo wake, kuna kufundisha wasichana, kuongoza kampu, kusimamia bajeti, kushauri, kupanga mtaala, kazi za kumkuza mtu zimejaa. Binti aulize kabla ya kusaini ataongoza nini. Na aulize pia kama mlezi wake atakuwa mwanamume, vikao vinafanyikia wapi, mlango ukiwa wazi ama umefungwa. Mchungaji mwema haudhiki na swali hilo, tayari anayo kanuni yake.

Tangu mambo ya Shakahola yalipojulikana 2023, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kwenye ule msitu wa Kilifi, mzazi akisikia mtoto anaacha kila kitu kumfuata mchungaji anaingiwa na baridi, na ana haki. Kwa hivyo niwaeleze wazazi mambo ya kuangalia. Programu ya kweli ina tarehe ya mwisho. Mtoto anapiga simu nyumbani anapotaka, anakuja matanga na harusi za nyumbani, vyeti vyake vya shule na kitambulisho viko mkononi mwake, anaenda hospitali akiugua, na mkutano mkuu wa kanisa ama bodi ya shirika inaweza kumwita yule kiongozi kutoa hesabu. Ukiambiwa wazazi ni adui wa wito, ama kwamba kuuliza ni kuasi, ama kwamba ndoto aliyoota mtu mmoja ndiyo inaamua mtoto wako ataoa nani, mtoe huko hata kama mwezi ni wa kwanza. Vinginevyo, mzazi mpigie mlezi simu mapema, jitambulishe, mwambie ungependa kufika ofisini mzungumze. Jinsi atakavyolipokea ombi hilo utajua mengi.

Jambo la mwisho linahusu HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, ambalo kwenye mahubiri ya kuhamasisha vijana halitajwi kabisa. Mkopo unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa anaongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ukiangalia vizuri, mwaka wa uanagenzi unakula ule mwaka wote wa neema, halafu siku unatoka na cheti chako cha huduma deni linakungoja mlangoni ukiwa huna kazi. Hilo lisikuzuie kwenda, ila lipangie. Kama unachangisha washirika, weka HELB kwenye bajeti yako ukiwaeleza wazi ni ya nini, hata kama ni kidogo, na kama huwezi kulipa zungumza na HELB mapema kabla faini hazijaanza kurundikana. Na ile miezi mitatu ya mwisho, anza kutuma maombi ya kazi, andika kwenye wasifu wako mambo uliyofanya kwa lugha ambayo mwajiri anaelewa, kwamba ulisimamia kampu ya vijana wangapi kwa bajeti ya kiasi gani, ulifunza wasaidizi wangapi, ulizungukia shule ngapi, na umwombe mlezi akuandikie barua ya kukutambulisha ukiwa bado hapo, kabla hajahamishiwa parokia nyingine. Kanisa nalo likupe siku za kwenda mahojiano bila kukufanya ujione umesaliti huduma.